Ndevu Zangu na Kidevu Chako

Kamina, Jumamosi mchana

Numbi mwanangu,

Umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya. Baba yako yuko uani anafunga godoro lako kwa kamba, anakaza na kukaza tena, utadhani amekamata mwizi. Mimi nimeiacha meza yangu ya samaki sokoni mapema ili nipate kukaa na karatasi hii. Hutaiona leo. Nitakupa kesho stesheni, uisome treni ikishapita Bukama, mahali ambapo huwezi tena kurudi kubishana nami.

Sitaandika juu ya neti, wala maji ya kuchemsha, wala marafiki wa kuazima nguo wasiorudisha. Hayo nimekuimbia mwezi mzima, nawe umeniitikia "ee, mama" huku macho yako yakiwa kwenye simu. Nataka kusema jambo moja tu, lile tuliloliacha katikati Jumatano.

Jumatano niliingia chumbani kwako bila kubisha hodi, kosa langu la siku zote, nikakukuta mbele ya kioo na wembe wa baba yako, kidevu kinatoka damu. Nilikuambia, "Numbi, ukifika Lubumbashi, mbele ya kuanza masomo, uende kwa dokta wa bamama." Ukanijibu bila kugeuka, "Minyi siende kwa dokta juu ya ndevu. Batanicheka." Kisha ukasema, "Na minyi sitaki kuwa sawa weye, mama."

Nilitoka nikaenda kugeuza samaki juani, ingawa nilikuwa nimekwisha kuwageuza. Neno lile liliniuma, siwezi kukuficha. Nimelibeba sokoni siku tatu hizi, na nimeona kwamba nina deni la kukueleza kidevu hiki changu kilitoka wapi. Umekiona tangu ulipozaliwa, umekishika ulipokuwa mtoto wa kunyonya, lakini hujawahi kusikia habari zake zote. Ninachotaka ni kwamba ukimaliza kusoma barua hii uende kwa daktari. Nikilipata hilo, mengine yote unaweza kuyasahau.

Nilikuwa msichana wa shule nywele zilipoanza kuota chini ya kidevu, kisha juu ya mdomo, kisha kifuani. Unajua nilikolelewa. Baba yangu alikuwa karani wa shule, mama yangu, nkambo wako, alikuwa kiongozi wa wamama wa kanisa, na nyumbani kwetu hata viatu vya kufanyia kazi shambani vilipigwa rangi Jumamosi. Mama aliponiona aliingia chumbani akarudi na wembe uliofungwa katika kipande cha kitambaa cha kikwembe. "Asubui, mbele bantu bote baamuke," akaniambia. "Baba yako asione. Na usiseme ku muntu."

Ndivyo nilivyoishi. Niliamka kabla ya jogoo, nikanyoa, nikafunga kitambaa kikubwa kilichoshuka mpaka shingoni, hata wakati wa joto kali. Mama alitafuta sababu kama anavyotafuta mtu aliyepoteza funguo. Kwanza alisema ni kwa kuwa nilikuwa nafyatua matofali na kaka yangu, kazi za wanaume zinaleta mwili wa kiume, akanikataza. Kisha akasema ni kupiga mluzi. Kisha ni wembe wenyewe, kwamba ukinyoa zinaota nene zaidi, lakini hakuniambia niache, maana angefanya nini na zile zilizokwisha kuota? Maskini mama. Leo nacheka, lakini kwa kweli nilikuwa naogopa hata kupiga mluzi wa kumwita mbwa.

Mwezi wangu nao ulikuwa unakuja unapotaka. Ulikuja kabla ya Pasaka, ukarudi mavuno yamekwisha. Mama alifurahi. "Afazali," alisema, "shida kidogo." Ndevu tulizificha, mwezi tuliushukuru, na hakuna mtu aliyefikiri kwamba mambo hayo mawili yalikuwa yanatoka katika nyumba moja.

Halafu akaja baba yako. Nilikuwa nimeanza kwenda kambini kuuza samaki wa Bukama kwa wake za askari. Siku moja kulikuwa na joto, kitambaa kikalegea, na askari mmoja kutoka Kwilu, mrefu, mwenye masikio ya kusimama, akaniangalia kidevuni badala ya kuangalia samaki. Nilidhani atacheka. Akasema, "Mama, hizi ndevu iko ya weye mwenyewe?" Nilitaka kumpiga kwa samaki. Akaendelea, "Kwetu, mwanamuke wa ndevu njo mali. Nyumba yake haikose kintu. Minyi nilitafuta sawa weye tangu zamani." Alisema hivyo mbele ya wanawake wote, bila haya hata kidogo.

Numbi, wewe umezaliwa na baba anayekusifu, huwezi kujua neno lile lilinifanya nini. Nilikuwa nimejificha miaka yangu yote ya usichana, na mtu mmoja akanitoa mafichoni kwa maneno machache, tena maneno ya mzaha. Tulipooana niliutupa wembe. Nilivua kitambaa. Mama yangu alikuja kututembelea, akaangalia ukuta muda wote wa chakula.

Kambini kila kabila lina imani zake, lakini kwa ndevu za mwanamke wengi walikubaliana na baba yako. Wauzaji waliniita asubuhi kabla hawajauza chochote: "Mama Ndevu, kuya unifungulie soko!" Nilipita kwenye meza, nikashika muhogo wa huyu, nikanunua chumvi ya yule, nao wakafurahi kwamba siku imeanza vizuri. Na mimi nilipenda. Nilipenda sana, nakuambia. Nilitembea kidevu mbele. Nilijifunza siku hizo kwamba sifa inalewesha kuliko pombe ya mahindi, na mtu aliyelewa sifa haulizi maswali.

Maana mtoto hakuja. Mwaka ulipita, mingine ikafuata. Nikanywa mizizi kutoka Kabongo, nikaombewa, nikafunga kula. Watu walewale walioniita nifungue soko walianza kunong'ona kwamba ndevu zangu zinaleta mali lakini zinakula mimba. Baba yako aliwafukuza mlangoni wale waliomletea maneno hayo. Alinipenda, na kwa kuwa alizipenda ndevu zangu hakuweza kufikiri kwamba ni dalili ya kitu chochote. Kwa mama yangu zilikuwa aibu, kwa mume wangu zilikuwa bahati. Daktari haendewi kwa aibu, wala haendewi kwa bahati.

Katika miaka hiyo nikaongeza ujinga juu ya ujinga. Rafiki aliniletea krimu ya kung'arisha ngozi, tyubu ndogo ya dawa, nikawa napaka uso na shingo asubuhi na jioni. Nilipata weupe, ndiyo. Nikapata pia uso wa duara, ngozi nyembamba inayochubuka kwa kukwaruzwa na ungo, na nywele mpya kwenye mashavu ambako hazijawahi kuwa. Baba yako akasema, "Bahati inaongezeka!" Mimi nikaongeza krimu.

Sasa nikuambie habari za Mama Chantal, kwa sababu ndiye anayenifanya niandike. Alikuwa jirani yetu kambini, mwanamke mwembamba mwenye uso laini kabisa. Halafu, katika miezi michache tu, akaota ndevu. Si moja mbili kama zangu za kwanza, bali ndevu zenyewe. Sauti yake ikashuka mpaka watoto wakawa wanamwita "papa", yaani baba, kwa utani. Nywele za kichwani zikaanza kupungua kwenye panda za uso. Mwezi wake ukakatika kabisa. Na sisi tulifanya nini? Tulimpigia vigelegele. Tulisema mali inaingia nyumbani kwake kwa haraka. Wauzaji wakaacha kuniita mimi, wakamwita yeye afungue soko, na mimi, mwanangu, nilimwonea wivu. Nilikaa kwenye meza yangu nikanuna, namwonea wivu mwanamke aliyekuwa anakufa.

Alikuwa na uvimbe tumboni, kwenye mfuko mmoja wa mayai. Tumbo lilipoanza kujaa ndipo walipompeleka Lubumbashi, wakampasua, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kutembea. Tulimzika kabla ya mvua. Kwenye matanga mama mmoja alisema, "Na zile ndevu zake zote, juu ya nini bahati ilikataa?"

Baada ya hapo niliogopa kioo. Nilisikia kwamba daktari mwanamke amefika kwa muda hospitalini mjini, nikaenda. Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya mtoto. Akaniangalia usoni, akauliza, "Mwezi yako inakuyaka namna gani?" Nikacheka. "Dokta, minyi nakuya juu ya mutoto, na weye unauliza ya mwezi?" Akasema, "Mama, mwezi, ndevu, na mutoto ambaye hakuye, pengine yote iko kintu kimoja." Miaka yote ile nilikuwa nimevipeleka vitu vitatu kwa waganga watatu.

Alinieleza kwa upole, nami nakueleza kama nilivyoelewa, maana mimi muuza samaki. Kila mwanamke ana kidogo cha homoni ile ya kiume mwilini, hata yule mwenye kidevu kama yai. Kwa wengine mifuko ya mayai inaitengeneza kupita kiasi. Hapo nywele zinaota mahali pa wanaume, chunusi zinakuja, mayai hayaivi, na mwezi unaruka. Unene unaongeza mambo, na mwili kama huo unakaribisha kisukari, ndiyo maana leo unaniona nameza vidonge baada ya kula bukari. Kuna wanawake wengine hawana ugonjwa wowote, ni nywele za ukoo tu, mwezi wao unakuja vizuri na wanazaa bila shida. Kuna wanaoletewa na dawa. Tyubu yangu aliisoma, akatikisa kichwa, akasema ndani mna dawa kali ambayo hupaswi kupaka usoni kila siku, nayo inaweza kuotesha nywele yenyewe. Akaniachisha polepole, akiniangalia, kwa sababu alisema kuikata ghafla kungeweza kunidhuru.

Nilipomweleza habari za Mama Chantal, akauliza ilichukua muda gani. Nikamwambia miezi. Akasema hilo ndilo la kuogopa: zikija kwa haraka, sauti ikibadilika, mwezi ukikatika, usingoje hata wiki, kimbia. Mara nyingi si hivyo. Lakini anayeweza kujua kwa hakika ni yule mwenye kukupima, si jirani wala mume anayekupenda. Nilirudi nyumbani nikilia kwa ajili ya Mama Chantal, kwa mara ya kwanza nikijua namlilia kwa sababu gani.

Akanipa vidonge, akanitembeza. Ndiyo, kunitembeza: aliniambia niache pikipiki niende kwa miguu, na nipunguze soda nilizokuwa nanywa mezani mchana kutwa. Nilipungua. Mwezi ukaanza kuja, kwanza kwa kusitasita, kisha sawasawa. Halafu ukaacha tena, nikarudi kwake kwa hasira kumwambia dawa yake imeshindwa. Akanipima, akacheka mpaka akashika meza. Ulikuwa wewe, Numbi. Ndevu zilibaki na wewe ukaja, na baba yako mpaka leo anadai kwamba ndizo zilizokuleta.

Sasa wewe. Najua mwezi wako unaruka, ninanunua vitu vya nyumba hii, ninajua kinachokwisha na kisichokwisha. Naona chunusi, naona shingo yako inavyokuwa nyeusi nyuma, naona unavyokataa kupigwa picha ya karibu. Zako zimekuja polepole, tangu darasa lile ulilorudia hesabu. Sauti yako nimeisikiliza kanisani kila Jumapili kwa masikio ya polisi, na bado unaimba juu kuliko wenzako wote. Kwa hiyo nadhani ni jambo lilelile langu. Lakini mimi ni mama anayetaka iwe hivyo, na kutaka kwangu si kipimo. Watakutoa damu. Watapaka kitu cha baridi tumboni na kuangalia mifuko ya mayai kwenye kioo cha mashine, haiumi. Yanayotengenezeka yatatengenezwa mapema, si baada ya miaka ya mizizi na machozi. Usinunue vidonge vya mtu anayepita bwenini, na krimu za kung'arisha zikija chumbani kwenu, waachie wenzako.

Kuhusu kunyoa, nyoa. Sikukasirika Jumatano kwa sababu ya wembe, nilikasirika kwa sababu ya damu, ulikuwa unajikata kama mtu anayejiadhibu. Wembe hauzifanyi nene, daktari aliniambia. Ng'oa, nyoa, ziache, kidevu ni chako. Mimi ninazo zangu kwa sababu nilizoea kuwa nazo na kwa sababu baba yako ana wazimu wake. Sikuombi uzipende. Wala bahati usiogope kuikosa, nimefungua masoko mengi na samaki wangu wameoza kama wa wengine.

Na lile neno lako, kwamba hutaki kuwa sawa mimi. Mwanzoni nilitaka kukujibu kwa neno kali, nililitafuta sokoni nikalipata, zuri kabisa, nikaliacha. Maana kuna upande ambao uko sawa. Usiwe kama mimi kwa kungoja. Kwa mengine, utaamua ukiwa mkubwa.

Bado jambo moja, na hili sijamwambia hata baba yako. Nkambo wako alipougua ugonjwa wake wa mwisho, nilihamia kwake kumuuguza. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, hawezi kushika kijiko. Siku za kwanza alijifunika shuka mpaka puani, nikadhani ni baridi. Asubuhi moja nikalivuta nimwoshe uso. Kidevuni, juu ya mdomo, chini ya taya, zilikuwa zimeota, nyeupe, ngumu, nyingi. Alifumba macho. Nikabaki na kitambaa chenye maji mkononi. Akasema, "Monga, unitoshe hizi, mbele bamama ba kanisa bafike."

Nilimnyoa mama yangu. Nilipaka sabuni, nikavuta ngozi taratibu, naye akanishikia uso wake kama mtoto. Alikuwa amenyoa kila alfajiri ya maisha yake, amelala na mume miaka yote, amezaa mara mbili tu kwa taabu kubwa, ameongoza wamama katika maombi, na hajawahi kumwambia mtu mmoja, hata mimi aliponikabidhi wembe. Nilimkasirikia, Numbi. Nikamhurumia. Nilikuwa nafuta sabuni huku nikitaka kumtikisa mabega, kwa sababu neno moja lake, "hata mimi," lingeniokolea nusu ya ujana wangu. Wamama walipofika walikuta uso laini. Wakamsifu alivyokuwa safi.

Siku ile nilipoketi kwa yule daktari, aliniuliza kama kuna mwanamke mwingine katika ukoo wetu mwenye ndevu, au aliyechelewa kupata watoto, au mwenye kisukari. Nilijibu, "Hapana, dokta. Ni mimi peke yangu." Akaandika hivyo. Sikudanganya, nilikuwa sijui. Mama yangu alikuwa bado hai, nyumba yake haiko mbali na hospitali ile.

Wewe pia wataliuliza swali hilo. Pengine chumba kitakuwa na wanafunzi wa udaktari wa umri wako, pengine mmoja ni kijana mzuri. Utaangalia sakafu. Utataka kusema hakuna mtu. Inua uso, mwanangu, useme kwa sauti ile unayoimbia: mama yangu, na mama yake mama yangu. Wakikuuliza majina, wape majina yetu.

Mimi mama yako,
Monga